Kuku wa Mguu Wangu

Nyie mnaoshonea umeme mna raha yenu, wala siwaonei wivu. Mnagusa kidogo kwa ncha ya kiatu, mashine inanguruma, shati linatoka. Lakini mkitaka kumjua fundi wa zamani alikuwa wa namna gani, msimwangalie mikono, mwangalieni miguu. Cherehani ya kukanyaga inataka miguu miwili inayosikilizana. Mmoja ukisita kidogo tu, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, na chini ya kitambaa panajaa fundo la uzi kama kiota cha ndege. Nimeona mwanafunzi akimaliza asubuhi nzima anafumua kiota kimoja, na machozi yanamlengalenga.

Wajukuu zangu wananiuliza mbona natembea nimeegemea upande. Wanadhani ni uzee. Si uzee, ni marikani.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa nashona Temeke, kwenye baraza la duka la Mzee Nanji. Mambo yalikuwa hivi: Nanji aliuza vitambaa ndani, mimi nilikaa nje na cherehani yangu. Mteja akinunua kitambaa, anatoka nacho mlangoni, ananikuta mimi na futi yangu shingoni. Hakuna aliyemwandikia mwenziwe chochote. Baraza lilikuwa lako maadamu umekaa. Ukiliacha wazi, kesho yake utamkuta fundi mwingine kashusha mashine yake, na huwezi kumlaumu mwenye duka, maana yeye anataka kitambaa chake kitoke. Mafundi wasiokuwa na baraza walikuwa wengi, wakizunguka na mashine kichwani nyumba kwa nyumba kama wauza samaki. Mimi nililipata la kwangu baada ya kumtumikia mwalimu wangu muda mrefu, nikaoa kwa sababu ya baraza hilo, na sikuwa na kitu kingine duniani.

Siku ile Nanji aliniomba nimpelekee mteja wake wa Mtoni nusu jora la marikani. Nilikuwa na baiskeli mpya, na kijana mwenye baiskeli mpya haombwi mara mbili. Nililifunga jora kwenye keria kwa kamba ya katani, mzunguko mmoja, nikaona inatosha. Kumbukeni hilo, nyie mnaobeba mizigo kwenye pikipiki: kamba moja haitoshi, na ncha ya kitambaa hukunjwa ndani, haiachwi nje.

Nikiteremka kuelekea Mtoni, ncha ile ikafunguka ikaanza kupepea nyuma yangu. Sikuiona. Niliona watu wa kando ya barabara wananipungia mikono na kupiga kelele. Nikajua wananisifia baiskeli. Nami nikawapungia, nikakaza mwendo. Marikani ikaingia kwenye spoku, ikajizungusha, gurudumu la nyuma likasimama pale pale. Mimi nikaendelea peke yangu bila baiskeli, mpaka kwenye mawe ya mtaro.

Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Niliusikia. Ni sauti ndogo, haina makuu, lakini mtu akishaisikia mwilini mwake haimtoki tena. Marikani yenyewe haikuchanika hata uzi mmoja. Nanji aliwasimulia wateja kisa hicho miaka na miaka, anavuta kitambaa kwa mikono miwili mbele yao na kusema, "Hii imevunja mguu wa fundi wangu, yenyewe haina alama." Nadhani nilimuuzia marikani nyingi kuliko niliyoishona.

Mke wangu, Zena, alinipokea nikiwa nimelazwa juu ya mlango uliobebwa na wanaume wanne. Mtaniuliza kuhusu hospitali. Nyie mkivunjika nendeni hospitali, mkapigwe picha, msinisikilize mzee mimi. Lakini sisi tulikwenda kwa mtu tuliyemwona kwa macho yetu akiwaunga majirani, na mtu huyo aliitwa Mzee Pazi. Alikuwa Mzaramo mfupi, mkimya, mwenye vidole vinene. Aliupapasa mguu wangu akiwa amefumba macho, kisha akamwambia Zena, "Nitafutie pora."

Pora ni jogoo kijana, anayejifunza kuwika. Zena akamleta. Mzee Pazi akamshika, akampapasa mguu wa kulia kama alivyonipapasa mimi, akauvunja mahali pale pale. Halafu akatufunga wote wawili, mimi kwa vibanzi virefu vya mwanzi, yule kwa vibanzi vidogo, na vitambaa vya kufungia vilitoka kwenye kanga moja kuukuu ya Zena. Kwa hiyo mimi na kuku tukawa na sare.

"Sasa sikiliza," akaniambia. "Mmeumia pamoja. Yeye atakutangulia, ndiyo kazi yake. Akianza kuchezesha vidole, nawe anza kukaa kitako. Akikanyaga, niite nikufungue. Akiruka juu ya ua, simama. Usimtangulie. Na usimwache akaenda mbali sana."

Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa kwa kuku. Majirani wakija kunijulia hali wanapita kwanza uani kumtazama yule, ndipo wanaingia ndani na kuniambia mimi naendeleaje. "Leo umeamka vizuri," wananiambia, "umekula mtama na umemfukuza kuku wa jirani." Nacheka nao, kisha wakiondoka nageukia ukutani.

Masika ikanyesha juu ya bati, ikaisha, nami bado niko kitandani. Kulala muda mrefu kuna mambo yake. Unajifunza kila sauti ya uani: nani anatwanga, nani anagombana na nani, nani amechelewa kuchota maji. Nilishona kwa mkono vilivyoshoneka kwa mkono. Vitundu vya vifungo vya shati ninavyovifanya mpaka leo, ambavyo wengine wenu mnavisifu, nilivijulia pale, kwa sababu mtu akiwa hana pa kwenda anaweza kurudia kitundu kimoja mpaka kikae sawa. Zena alikuwa akinichekesha, akinisugua mgongo, akiondoka asubuhi kwenda bombani na kukawia, na alasiri vilevile. Nikawaza foleni ya maji imezidi.

Kuku wangu akakanyaga. Mzee Pazi akaja akanifungua vibanzi, akaupapasa mguu, akasema tayari. Baada ya muda kuku akaruka juu ya ua na kuwika, vibaya, kama mlango unaotaka mafuta. Zena akaingia anakimbia: "Umeruka." Nikamwambia nimesikia.

Sikusimama. Nilisema mguu umelala. Kesho yake nikasema una baridi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kila nikiteremsha unyayo kugusa sakafu naisikia ile sauti ya mtaroni, naurudisha mguu juu kitandani na jasho jembamba linanitoka. Kuku akazidi kunipita. Akawa anatoka nje ya ua, anapigana, anachumbia. Bado alichechemea, lakini kuchechemea kwake kulikuwa kwa maringo. Watoto wakaacha kunisalimia kwa jina langu, wakaniita aliyepitwa na kuku.

Katika siku hizo jirani mmoja aliyetoka kununua mafuta ya taa kwa Nanji akaniletea habari. "Barazani kwako kuna mtu," akasema. "Mzee mmoja mwenye kofia. Anashonea mashine yako."

Zena aliporudi nikamuuliza.

"Kiti chako kipo," akanijibu, anapanga kuni.

"Najua kipo. Nani kakikalia?"

"Wewe simama, utamwona."

Nikakasirika, tukalala bila kuzungumza. Nilijua sasa kwamba kila asubuhi ninayoendelea kulala ndiyo inayoninyang'anya baraza, na bado asubuhi ikifika mguu hautoki kitandani. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia majuma yale.

Hapo ndipo alipokuja Mjomba Kondo. Huyu ni mjomba wake Zena, alitoka Kisarawe kwa miguu mara aliposikia nimevunjika, na habari zilikuwa zimechelewa kumfikia. Alinikuta peke yangu, Zena kaenda bombani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Hawakupi supu?"

"Nakula tu, mjomba."

"Kula tu si kula," akasema, akavua koti lake akatoka nje. Nikasinzia.

Nilipoamka nyumba nzima inanukia ndimu na pilipili manga. Mjomba Kondo alikuwa mpishi mzuri, alipikia watu wa mashamba ya katani ujana wake. Akaniletea bakuli limejaa. "Paja hili lako," akasema, "wewe ndiye unayeumwa mguu." Nikanywa mpaka jasho likanitiririka masikioni. Nikala nyama yote, nikaguguna mfupa, nikamsifu. Tulikuwa tumeburudika sana Zena alipoingia na ndoo kichwani.

Akasimama mlangoni akinusa. "Mjomba, shikamoo. Hiyo supu ya kuku gani?"

"Marahaba. Yule kilema wenu," akasema Mjomba Kondo kwa upole. "Nimeona niwaachie wazima."

Zena aliitua ndoo polepole, akakaa sakafuni. Mimi nikatazama ndani ya bakuli. Mjomba Kondo akauliza kuna nini, na tulipomweleza alishika kichwa chake kwa mikono miwili akabaki hivyo. Mguu wangu ukawa baridi kuanzia kwenye goti hadi vidoleni, nasema kweli, kama mtu aliyeuweka ndani ya mtungi wa maji. Nilikuwa nimeinywa afya yangu na ndimu. Zena alilia, nami nikalia, na mzee wa watu akavaa koti lake akaenda mbio kumtafuta Mzee Pazi, nadhani kwa sababu hakuweza kukaa akatutazama.

Mzee Pazi alifika alasiri. Alisikiliza habari yote amesimama. Nilingoja anifokee, au atake kuku mwingine tuanze upya.

"Mifupa iko wapi?" akauliza.

Ilikuwa bado bakulini. Zena alishindwa kuitupa, na paka wa jirani alikuwa akifukuzwa tangu mchana. Mzee Pazi akaingiza vidole vyake vinene, akautoa mfupa wa mguu wa kulia, akausuuza, akaufuta kwa pindo la shuka lake, akanipa.

"Unaona nini?"

Niliona mfupa mweupe, mwembamba, na katikati yake uvimbe kama fundo kwenye muwa. Nikampapasa kuku wangu kwa mara ya kwanza. Pale kwenye fundo palikuwa panene na pagumu.

"Vunja."

Nikajaribu kwa woga.

"Vunja kweli, unauonea haya?"

Nikaukamata ncha hii na ncha hii, nikakaza mpaka mikono ikatetemeka. Mfupa ukaalika. Sauti ni ile ile ya mtaroni, nikafumba macho.

"Tazama ulipovunjikia."

Nikatazama. Ulikuwa umevunjika juu, kwenye uzima wake. Fundo lilikuwa zima vilevile.

"Nawe una hilo humo ndani," akasema Mzee Pazi, akanigusa muundi. Halafu akamgeukia Zena. "Supu imebaki?"

Wakati anakunywa supu ndipo niliposimama. Sikungoja aniambie. Niliteremsha miguu yote miwili, nikashika nguzo ya kitanda, nikasimama mbele yao wote watatu, na mguu uliuma maumivu makali ya kunifanya niseme maneno ambayo hayasemwi mbele ya mjomba wa mkeo. Lakini haukualika. Mjomba Kondo alikaa kwetu mpaka nilipoweza kufika uani, na kila siku aliomba radhi, na kila siku nilimwambia apike tena.

Msidhani kusimama ndiyo kupona. Wengi mnakosea hapo. Nilikwenda kwa gongo muda mrefu, nikipumzika kwenye kila kibaraza cha mtu, nikinywa maji ya watu. Siku nilipoweza kufika dukani kwa Nanji nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kumwambia yule mwizi wa baraza, tena makali. Nikakunja kona.

Aliyekuwa amekalia kiti changu ni Fundi Mshamu, mwalimu wangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, mtu wa Kilwa, na alikuwa ameacha kushona tangu macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Sasa alikuwa ameinamia cherehani yangu, pua inakaribia kugusa sindano, anakunga pindo za kanga kwa kupapasa. Nyuma yake, juu ya sanduku, vitambaa vya mashati na suruali vya wateja wangu vilikuwa vimelundikana, vimefungwa, havijaguswa.

Nanji akatoka mlangoni. "Mafundi wamekuja na mashine zao hapa, wengi," akaniambia, anatikisa kichwa. "Nawaambia kaeni. Mzee huyu hataki kunyanyuka. Mteja wa shati akija, anamwambia mwenyewe anakuja, ngoja. Sasa mie nifanye nini? Nikazoea."

"Nani huyo anasimama kwenye mwanga wangu?" akauliza Fundi Mshamu.

"Ni mie, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekawia."

Maneno yangu makali sijui yalikwenda wapi. Nikamuuliza kwa nini hakuniletea habari. Akasema, "Ungejua niko hapa ungekuja na vibanzi vyako. Nakujua."

Akanikalisha kitini, akainama, akautoa mkanda wa cherehani kwenye gurudumu. Wanafunzi wa siku ya kwanza ndio wanaotolewa mkanda, wakanyage mtupu bila kushona, miguu ijuane. Nami nikakanyaga mtupu, mwanamume mzima mwenye mke, barabarani, watu wanapita wakinisalimu. Kifundo cha mguu kilikuwa kikavu kama kuni. Alasiri ile Zena akatokea, hakushtuka kuniona. Akampa Fundi Mshamu mkono, mzee akanyanyuka akaushika. Ndipo nilipoelewa nani aliyekuwa akimleta asubuhi na kumrudisha jioni, na kwa nini maji yetu yalikuwa yanachelewa.

Basi nikawa mwanafunzi tena. Baada ya siku za kukanyaga mtupu akanirudishia mkanda, lakini hakunipa uzi. Alinipa karatasi za sukari kutoka dukani, nishone bila uzi, sindano itoboe tu. Kisha anachukua karatasi, anapitisha ncha ya kidole kwenye vitobo toka mwanzo mpaka mwisho.

"Hapa umeuonea huruma mguu," anasema. "Na hapa. Hapa umekumbuka mtaro."

Hakukosea. Pale nilipouhurumia mguu vitobo vilikaribiana, vikapinda. Ananirudishia karatasi nyingine. Sijawahi kuwa na furaha kazini kama siku zile, nanyi mnaweza kucheka. Nanji akituletea chai, mzee anakunga kanga upande huu kwa mkono, mimi natoboa karatasi upande huu, na lundo la vitambaa vya watu linatungoja bila kulalamika. Wateja nao walikuwa watu. Walipita wakauliza, "Fundi, karatasi imekukaa?" wakaenda zao na mashati yao ya zamani.

Siku moja alipitisha kidole kwenye karatasi, akakirudisha, akakipitisha tena. Akaivuta bobini mfukoni, akaitia mwenyewe kwa kupapasa, akaniachia sindano nitunge uzi. Nikafungua kitambaa cha juu kabisa kwenye lundo. Lilikuwa shati la kaki la mtu wa reli. Mpaka alasiri lilikuwa limekwisha, na kola yake imekaa.

Nilimwambia Zena asije. Nilimpeleka Fundi Mshamu mwenyewe, mkono wake begani kwangu, gongo langu nimeliacha dukani. Tulikwenda polepole, ananiuliza tumefika wapi, namwambia. Mlangoni kwake akasema, "Kesho usimtume mkeo. Nimechoka na kanga za watu."

Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimelifikiria njia nzima. Futi ilikuwa bado shingoni. Nikamwambia anyooshe mikono, nataka kumshonea kanzu.

"Ya nini? Ninayo."

"Nyoosha, fundi."

Akanyoosha. Nikampima mabega, nikampima mkono, kifua, shingo. Ukabaki urefu. Urefu wa kanzu hupimwa toka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu, na hakuna njia ya kufika huko ila fundi apige goti. Nilikuwa sijapiga goti tangu Mtoni. Hata kuswali nilikuwa naswali nimekaa.

Nikashuka. Mguu ukauma toka muundini mpaka kiunoni, nikakanyagia hapo hapo, ukanibeba. Nikaivuta futi mpaka chini, nikaishikilia kwenye kifundo chake.

"Umefika?" akauliza Fundi Mshamu kutoka juu.

Nikamwambia nimefika.